Fito za Chembe ya Damu: Kwa Nini Malaria Humlaza Huyu Ikamwacha Yule

Chukua mfano wa nyumba moja ya Shika Adabu, kule Likoni, yenye watoto watatu wanaolala chumba kimoja. Mbu wanaoingia dirishani magharibi ni wale wale, na madimbwi wanakozaliana ni yale yale. Hata hivyo, mvua za masika zinapopungua, mtoto wa kwanza hupata homa ya siku mbili, akanywa dawa akapona. Wa pili hupatwa na dege, akavushwa kwa feri usiku hadi hospitali ya kisiwani akiwa hajitambui. Wa tatu anacheza uani kama kawaida.

Majirani hawakosi majibu. Huyu ameguswa na nyuni, yule ana damu nzito, mwingine ana nyota njema. Wataalamu nao wana jibu lao, na sehemu kubwa ya jibu hilo haikutoka mbali. Ilipatikana Kilifi, kiasi cha kilomita 60 kaskazini ya Mombasa, ambako Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome la Uingereza wamekuwa wakiyachunguza maradhi ya watoto wa Pwani tangu mwaka 1989.

Ili kulielewa jibu hilo, hatuna budi kwanza kuingia ndani ya seli na kutazama mambo mawili: kiunzi chake na mawasiliano yake.

SELI NI NYUMBA, PROTINI NI FITO ZAKE

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo mno visivyoonekana bila darubini. Wengi hudhani seli ni kifuko cha maji tu. La hasha. Seli ni kama nyumba ya udongo ya kwetu pwani. Ukiitazama kwa nje huoni ila udongo, lakini fundi aliyeijenga anajua kwamba kinachoisimamisha ni nguzo zilizochimbiwa chini, fito zilizolazwa juu ya nguzo hizo, na kamba zinazofunga fito na nguzo pamoja. Kamba zikioza, udongo hubanduka kwa mvua ya kwanza.

Katika seli, kazi ya nguzo, fito na kamba hufanywa na protini za kiunzi. Protini tunazokula katika samaki, maharagwe na mayai huvunjwavunjwa na mwili, kisha hujengwa upya kwa maumbo ya maelfu. Mojawapo ni aktini, ambayo hujipanga mfano wa uzi. Katika misuli, aktini huvutana na protini nyingine iitwayo miosini, na ndipo mkono unapokunjika.

Nje ya seli kuna kolajeni, inayoshikilia ngozi, mifupa na fizi. Mabaharia wa zamani waliokaa miezi mingi baharini bila matunda walipatwa na kiseyeye: fizi zilivimba na kuvuja damu, na vidonda vya zamani vikafunguka. Sababu ni kwamba mwili hauwezi kusuka kolajeni imara bila vitamini C. Tazama basi jinsi ugonjwa mkubwa unavyoweza kutokana na fito dhaifu tu.

HODI MLANGONI

Nyumba haisimami kwa miti pekee. Ni lazima wenyeji wake wapokee habari. Nje ya kila seli kuna protini ziitwazo vipokezi. Kila kipokezi humngojea mjumbe wake maalumu, kama kufuli inavyongojea ufunguo wake.

Chukua mfano wa insulini. Mtu akishakula wali, sukari huongezeka katika damu, na kongosho hutoa insulini. Insulini hufika kwenye seli ya msuli na kubisha hodi kwenye kipokezi chake. Yenyewe haiingii ndani kuifanya kazi. Kipokezi ndicho kinachoipeleka habari kwa protini za ndani, hii ikimwambia yule na yule akimwambia mwingine, mpaka milango ya sukari ifunguliwe. Katika aina ya kisukari inayowapata watu wazima wengi, hodi hupigwa lakini seli haisikii vizuri, na sukari hubaki nje katika damu.

Jambo la kutia maanani ni kwamba hodi na fito havitengani. Vipokezi vingi vimefungwa kwa ndani kwenye kiunzi cha seli. Hodi ikipigwa, fito huweza kulegea au kukazana. Kwa hiyo maradhi yaweza kuanza kwa njia mbili: ama fito ziwe na kasoro, ama hodi iwe ya uongo. Malaria, kama tutakavyoona, ni mwizi anayezijua njia zote mbili.

CHEMBE NYEKUNDU YA DAMU

Katika tone dogo la damu lenye ukubwa wa milimita moja kila upande mna chembe nyekundu karibu milioni 5. Kila chembe ina umbo la kisahani kilichobonyea katikati, na upana wake ni kama sehemu 7 au 8 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kwa kutumia protini iitwayo hemoglobini. Huishi kwa siku 120 hivi.

Katika siku hizo chembe husumbuka sana. Mishipa mingine ya damu ni myembamba kuliko chembe yenyewe, kwa hiyo hulazimika kujikunja ili ipite, kisha kurudi katika umbo lake. Hufanya hivyo mara nyingi mno bila kupasuka. Siri yake ni wavu uliotandazwa chini ya ngozi yake. Nyuzi za wavu huo ni protini ndefu iitwayo spektrini. Mafundo yake yana vipande vifupi vya aktini. Kamba zinazoufunga wavu kwenye ngozi ni pamoja na protini iitwayo ankirini. Mvuvi wa Mtongwe hahitaji kuelezwa zaidi: wavu mzuri huvutika bila kukatika.

Wako watu wanaozaliwa na kasoro katika spektrini au ankirini. Chembe zao huwa duara kama gololi badala ya visahani. Zikifika kwenye wengu (bandama), ambako damu huchujwa katika vijitundu vyembamba, hukwama na kuharibiwa. Mtu huyo hupungukiwa na damu na macho yake huweza kuwa ya manjano, bila ya kuwa na mdudu wowote mwilini.

MWIZI ABISHAYE HODI

Kimelea hatari zaidi cha malaria hapa kwetu ni Plasmodium falciparum. Mbu jike wa aina ya anofelesi akishakuuma, vimelea hukimbilia ini na kuzaana humo kwa muda wa wiki moja hivi, kisha humwagika katika damu kwa maelfu. Hapo ndipo kila kimelea hutafuta chembe nyekundu ya kuingia. Nje ya chembe askari wa mwili wanaweza kukikamata, kwa hiyo lazima kifanye haraka.

Kwanza hujigusisha kwenye chembe na kujigeuza mpaka kichwa chake kielekee ukutani. Kisha hutoa funguo zake. Baadhi ya funguo hizo hushika protini za ngozi ya chembe ziitwazo glikoforini. Ufunguo mwingine, uitwao RH5, hushika kipokezi kiitwacho basigini, na mwaka 2011 wanasayansi walionyesha kwamba bila ya hatua hiyo kimelea hakiingii. Ndiyo sababu chanjo mpya inayoilenga RH5 imefanyiwa majaribio, pamoja na kwingine, huko Bagamoyo, Tanzania.

Jina la Shika Adabu latufaa hapa kwa mfano. Nyumba yenye adabu husikia hodi ikaitikia, na mwizi huitumia adabu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mmoja wa funguo za kimelea ukiigusa glikoforini, chembe nyekundu hubadilika na kuwa laini zaidi, rahisi kukunjika. Yaani hodi ya mgeni huzilegeza fito za mwenyeji. Kisha kimelea, kwa kutumia aktini na miosini zake chenyewe, hujisukuma ndani huku ngozi ya chembe ikikifunika. Shughuli yote hiyo haizidi dakika chache.

DAMU YA DANTU

Sasa tumfikirie yule mtoto wa tatu, aliyekuwa akicheza uani. Mwaka 2017 wanasayansi waliolinganisha urithi wa maelfu ya watoto wa Afrika, wagonjwa wa malaria kali na wasio wagonjwa, walitangaza kwamba aina moja ya damu iitwayo Dantu huwakinga watu. Damu hiyo hutokana na mabadiliko katika urithi unaotengeneza glikoforini. Si kawaida kuipata Afrika Magharibi, lakini hapa Pwani ya Kenya inapatikana kwa wingi kiasi. Mwenye kurithi Dantu kwa baba na mama hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa asilimia 74.

Lakini inakinga vipi? Wengi walidhani tundu la ufunguo limebadilika, basi ufunguo hauingii. Silvia Kariuki na wenzake wa Kilifi na Cambridge walichukua damu ya watoto 42 wa Kilifi wenye afya, wengine wana Dantu na wengine hawana, wakapiga picha za video za vimelea vikijaribu kuingia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waligundua kwamba jambo kubwa lilikuwa mkazo wa ukuta. Ngozi ya chembe ya Dantu imekazwa zaidi, mfano wa ngoma iliyowambwa ikaanikwa juani. Kimelea hubisha, husukuma, lakini ukuta haukunjiki.

Zaidi ya hayo, waliona kwamba hata kwa watu wasio na Dantu, chembe hazilingani. Zilizolegea huingiliwa, na zilizokazana kupita kiwango fulani haziingiliwi. Tofauti ni kwamba mwenye Dantu anazo nyingi zaidi za namna hiyo. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2023, ambapo Wakenya wazima walijitolea kuambukizwa chini ya uangalizi wa madaktari, uliunga mkono habari hii: vimelea havikustawi vyema katika damu ya Dantu.

Ikumbukwe kwamba Dantu si sababu pekee ya mtoto kusalimika. Wako wanaokingwa na urithi mwingine, na wako waliojenga kinga kwa kuugua mara kwa mara. Tena vipimo vya kawaida vya zahanati havionyeshi Dantu. Kwa hiyo mzazi asiseme, "Mwanangu damu yake ni ngumu," kisha akauza chandarua.

NYUNI AU MALARIA YA UBONGO?

Tumgeukie yule wa pili, aliyepatwa na dege. Kimelea kikishaingia ndani ya chembe hukaa saa 48 hivi, na katika muda huo huibadilisha nyumba aliyomkuta nayo mwenyewe. Hutoa protini zake na kuzipachika chini ya ngozi ya chembe mpaka ngozi hiyo iote vinundu. Juu ya vinundu huchomoza protini ya kunata, inayoitwa PfEMP1 na wataalamu.

Kimelea kina sababu ya kunata. Chembe iliyoingiliwa na kimelea hukakamaa, na ikipita kwenye wengu itakamatwa. Kwa hiyo hujibandika kwenye kuta za mishipa midogo na kukaa pale pale. Mwili ukishaitambua protini hiyo na kuitengenezea silaha, kimelea huvaa nyingine, kwani kina vazi la namna hiyo la aina 60 hivi katika urithi wake.

Chembe zinazonata zikijaa katika mishipa ya ubongo, njia ya damu huzibika. Si hilo tu. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba vimelea vinavyosababisha malaria kali kwa watoto hushika kipokezi cha ukuta wa mshipa kiitwacho EPCR. Kipokezi hicho kazi yake ya kila siku ni kupokea ujumbe wa amani: damu isigande ovyo, na ukuta wa mshipa usivuje. Kimelea kikilikalia tundu hilo, ujumbe wa amani haufiki. Damu huganda mahali pasipotakiwa, mishipa huvuja, na ubongo huweza kuvimba. Mtoto hukakamaa, macho hupinduka, kisha hupoteza fahamu.

Hicho ndicho ambacho wazee wetu, wasiokuwa na darubini, walikiita nyuni. Waliona mtoto akitapatapa kama ndege, na maelezo yao yalitokana na walichokiona. Lakini sisi tunajua zaidi, na kila saa inayopotea kwa mganga ni saa ya vimelea. Hata pale dege linapotokana na kitu kingine, kama homa ya uti wa mgongo, hospitali ndiyo mahali pa kulijua hilo.

Kwa mama mjamzito, vimelea huvaa vazi lingine, la kushika kondo la nyuma. Mwili wa mwanamke mwenye mimba ya kwanza haujawahi kuliona vazi hilo, ndiyo maana hata mama aliyezoea malaria tangu utotoni huweza kuugua sana, na mtoto akazaliwa mdogo.

SELIMUNDU: FITO ZINAZOKUA PASIPOTAKIWA

Somo letu haliwezi kukamilika bila kutaja selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Hapa kasoro iko katika hemoglobini yenyewe. Kiungo kimoja tu cha mnyororo wake, cha sita, kimebadilika. Oksijeni inapopungua, hemoglobini hiyo hushikana na kuwa fito ndefu ngumu ndani ya chembe, na kisahani hugeuka mundu. Chembe za namna hiyo huziba mishipa na kuleta maumivu makali ya mifupa, na hufa baada ya siku 10 hadi 20 badala ya 120.

Mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alifika nchini mwaka 1949 kupima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kwamba wenye urithi wa selimundu ni wengi Pwani na karibu na ziwa Viktoria, lakini wachache nyanda za juu, akajiuliza kama malaria ndiyo sababu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba ndivyo ilivyo. Mtu aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa karibu asilimia 90. Miongoni mwa sababu, kimelea hushindwa kuipanga vizuri protini yake ya kunata juu ya chembe hizo, hivyo hunata kwa udhaifu.

Aliyerithi kwa wazazi wote wawili hana kinga hiyo ya kutegemea. Malaria kwake ni hatari kubwa. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Si uchawi, wala si kosa la mama peke yake, kama inavyosemwa na baadhi ya mawifi. Ni urithi wa pande zote mbili.

Wagonjwa hawa wana matumaini zaidi leo. Dawa ya haidroksiurea ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, na matokeo ya mwisho wa mwaka 2018 yalionyesha kwamba ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Hutolewa na daktari, kwa kupimwa damu mara kwa mara.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kujichagulia fito za chembe zetu. Lakini tunaweza kumzuia mwizi asifike mlangoni.

1. Mtoto na mjamzito walale ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi.

2. Mtoto mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Akipatikana na malaria, amalize dawa zote alizoandikiwa, hata akipata nafuu siku ya pili. Vimelea vichache vilivyobaki vyatosha kuanza upya.

3. Dege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, weupe wa viganja na kushindwa kunyonya ni dalili za hatari. Usingoje asubuhi. Mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpeleke hospitali.

4. Mjamzito ahudhurie kliniki mapema ili apewe dawa za kumkinga na malaria.

5. Wanaotaka kuoana wapimwe selimundu. Mtoto mwenye maumivu ya mifupa ya mara kwa mara, kuvimba vidole au macho ya manjano naye apimwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Majibu yote yamo katika makala hii. Jaribu kuyajibu na jamaa zako nyumbani.

1. Spektrini hufanya kazi gani katika chembe nyekundu ya damu?

2. Eleza tofauti kati ya ugonjwa unaotokana na fito zenye kasoro na ule unaotokana na hodi isiyosikika. Toa mfano mmoja wa kila aina.

3. Kwa nini chembe ya damu ya Dantu haiingiliwi na kimelea kwa urahisi?

4. Kimelea kinapata faida gani kwa kunata kwenye ukuta wa mshipa, na mtoto hupata madhara gani?

5. Jirani yako anasema mtoto wake mwenye dege apelekwe kwanza kwa mganga. Utamweleza nini, kwa maneno yako mwenyewe, ili akubali kwenda hospitali?